Usiezeke Nyumba ya Kamango

Namur, Ubelgiji, tarehe 12 Januari 2025,
mwaka wa kumi na moja tangu nitoke kwetu.

Mpendwa Kavugho, mtoto wa dada yangu,

Nakusalimu wewe na wote mlioko Butembo. Kifua cha mama yako kimepoa? Mvua imewaacha mvune maharagi? Mimi na binti yangu Bénite tuko wazima, ila magoti yangu na baridi ya huku havisikilizani.

Umeniuliza kama uezeke upya kwa bati nyumba yangu ya upande wa Kamango, maana watu wameanza kurudi, na kama nitakuja kukaa. Nitakujibu. Kwanza nikueleze habari ya jiko.

Gesi ya kupasha nyumba joto imepanda bei, na meko yetu ya ukutani, kwa kuwa yako wazi, yanakula kuni na joto linatoka na moshi. Tukaenda kuchagua jiko la chuma la kuingiza ndani ya meko hayo. Muuzaji alilisifu lile lenye mlango wa kioo na komeo la nje. Moto ukifungiwa, alisema, nusu ya kuni inatosha. Nikatoka dukani.

Wewe ulikuwa mdogo waasi walipovamia kijiji chetu. Walimfungia Anne-Marie wangu ndani, wakakaza mlango kwa waya, wakawasha moto. Mdogo wangu Paluku alitoboa ukuta wa udongo akatoka. Wakamkata kwa mapanga palepale. Mimi nililala kifudifudi kwenye migomba, nikasikia mpaka sauti ya mke wangu ilipokwisha.

Bénite alinifuata nje. «Papa, ule mulango ni ya kufungia moto, hapana ya kufungia batu.» Tukalinunua.

Siku moja Bénite yuko kazini, nikawasha mwenyewe, kama kwetu: ukuni mrefu, ncha motoni, unausukuma polepole kadiri unavyoliwa. Mlango wa jiko ukabaki wazi. Moshi ukajaa nyumba, jirani akaita wazimamoto, nao wakavunja mlango wa nyumba kwa mashoka.

Kavugho, niliona wanaume wenye mashoka ndani ya moshi. Nikauchomoa ule ukuni, nikampiga wa kwanza usoni kwa ncha yenye moto. Akaanguka, nikampiga tena, mpaka wenzake wakanilalia. Jicho lake moja halitaona vizuri tena. Nilipokwenda hospitali kumwomba msamaha, aliniuliza tu: «Mzee, ulimwona nani?»

Jiko sasa linafungwa, kuni zinakatwa fupi, nyumba ina joto.

Basi jibu langu. Huko kila jirani anapita kukusalimu akitoka shambani, panga mkononi. Yule wa kwanza atakayebisha hodi, nitamfanya nini? Bati hizo ziezekee nyumba yako. Shamba na kahawa yake chukua, ni vyako.

Nisalimie mama yako, Kakule na watoto wake, na Marie-Jeanne. Mungu awape kulala usiku na kuamka wote.

Mimi sitarudi.

Mjomba wako asiyeacha kukupenda,
Zacharie