Usinitumie Uzi

Kwa Fundi Nadhira,
Viwanja Sitini,
Ifakara.
4 Mei, 2025

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Naanza na goti lako. Je, tangu mvua zianze linakuruhusu kusimama kwenye benchi, au bado unapiga randa ukiwa umekaa? Haruni alipoleta perege wakavu kwa gari lake alisema maji yamefika nyuma ya karakana lakini hayajagusa mbao. Nilishukuru, ingawa najua Haruni huwa anapunguza habari mbaya ili apewe chai kwa amani. Mama naye aliniambia kifua kimeacha kumbana. Mwambie asiache kufunga dirisha usiku kwa sababu tu amepona.

Mimi ni mzima. Malaria ilinipitia mwezi wa pili, nikameza dawa hadi kidonge cha mwisho kama Mama anavyoagiza siku zote. Kazi ipo. Fundi Nadhira anakusalimu sana, na anasema lile kabati ulilomtengenezea bado linafunga bila kelele.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Kwenye simu, Baba, mimi na wewe tukifikia jambo gumu mtandao hukatika. Siku nyingine hukatika kwangu, siku nyingine kwako. Karatasi haikatiki, kwa hiyo nimemwomba Haruni akukabidhi mkononi. Isome peke yako kwanza, kisha umpe Mama.

Unakumbuka nilikuambia kwamba jicho la kushoto la Fundi Nadhira lina mtoto wa jicho, na la kulia limeanza ukungu. Mwezi wa pili aliniita mezani akaniambia kwamba hawezi tena kukata nguo, na kwamba anataka meza ya kukatia iwe yangu. Alisema nimeshona kwake miaka mitatu, mshono wangu umenyooka, na wateja wananitaja kwa jina. Kama sitaweza, angemwita binti wa dada yake kutoka Tanga akae pale mezani, na mimi ningerudi kwenye vifungo na pindo. Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayepanga viti kabla ya wageni kufika.

Nilifurahi mchana ule, lakini jioni niliogopa. Kwenye shajara yangu ya tarehe hiyo kuna sentensi moja tu: Nimepewa mkasi, sijui kusoma tepu.

Ni kweli, Baba. Nilikuwa na miaka mitatu ya ufundi na cheti cha kidato cha nne, na tepu ilining'inia shingoni kama mkufu. Mteja akija nilimzungushia uzi mnene wa pamba kifuani, nikafunga fundo pale ncha zinapokutana. Uzi ule niliukunja mara mbili ukawa robo, nikaulaza juu ya kitambaa, nikapiga chaki, nikaongeza upana wa kidole kwa ajili ya mshono, naye Fundi Nadhira akakata kwa kufuata chaki. Nguo ilikaa vizuri. Fundi Nadhira alifikiri napima kwa uzi na kusoma kwa tepu. Mimi sikusoma chochote. Namba ya kifua cha mtu sikuwahi kuijua, na sikuihitaji maadamu mtu mwenyewe yupo mbele yangu.

Kisha ikaja kwaya ya Uchindile. Walitaka sare za Pasaka, magauni ya akina mama wote wa kwaya, na kwa mvua ile hawakuweza kushuka Ifakara kupimwa. Mwalimu Faustin, kiongozi wao, aliwapima mwenyewe akatuma vipimo kwa simu. Ni mwalimu wa sayansi na ana mkono wa uangalifu. Wengine wangeandika ishirini na nane na kidogo, yeye aliandika 28.25.

Nilikaa na simu ile kama mtu aliyeletewa barua ya lugha asiyoijua. Nikasema moyoni nitatengeneza nyuzi kutoka kwenye tepu, halafu nitaendelea kama kawaida. Gauni la kwanza lilikuwa 37.5. Nilikwenda hadi thelathini na saba, nikahesabu vistari vidogo vitano, nikakata uzi. Kumbe kati ya inchi na inchi kuna nafasi ndogo nane, na nusu ni vistari vinne. Nilikosea kwa kistari kimoja tu. Gauni likakaa vizuri kwenye sanamu ya kujaribishia nguo, na mimi nikaamini nimejua.

Lililofuata ndilo lenye kiuno cha 28.25. Nikaenda hadi ishirini na nane, nikahesabu vistari ishirini na tano. Nikapita ishirini na tisa, nikapita thelathini, nikaishia kistari kimoja mbele ya thelathini na moja. Wala sikushtuka. Nilijiambia ishirini na tano ni kubwa kuliko tano, basi huyu mama ana kiuno kipana kuliko vile Mwalimu alivyoanza kuandika. Nikakata hivyo, na mengine mawili nikayakata kwa akili hiyo hiyo.

Fundi Nadhira aliligundua kwa mikono, siyo kwa macho. Alilishika gauni kiunoni, akavuta kitambaa pande zote mbili, akauliza mwenye hili gauni ni mama mmoja au ni mama na mtoto mgongoni. Akaniambia nimsomee kipimo, nikamsomea. Akaniambia nimwonyeshe kwenye tepu. Nikaanza kuhesabu vistari kwa sauti, na nilipofika kumi na moja Nassib akazima cherehani yake ili asikie vizuri. Nassib ndiye anayeshona suruali pale dirishani, na mdomo wake haupumziki. Alicheka hadi akashika meza. Akasema jamani, huyu ni fomu foo kamili, ametuvusha Kidatu anakwenda Mikumi kutafuta kiuno cha mama wa watu.

Fundi Nadhira akamwambia anyamaze, au awaeleze wateja waliokuwepo kuhusu suruali ya bwana harusi aliyoitia zipu nyuma. Nassib akawasha cherehani yake kwa haraka. Mimi sikuweza hata kucheka. Nilikuwa nimeshika tepu kwa mikono miwili, na nilitaka sakafu ifunguke.

Tulipobaki peke yetu Fundi Nadhira alifunga mlango akaniuliza tangu lini. Nikamwambia tangu darasa la tatu, tulipoanza hesabu za sehemu. Nilimweleza jinsi nilivyokuwa nakariri na kunakili, jinsi nilivyopata F ya Hisabati na nyumbani hakuna aliyeshangaa, kwa sababu karibu darasa zima lilipata F na watu wanasema Hisabati ni ya wenye vichwa vyao. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema kwamba hana shida na F yangu, ana shida na miaka mitatu ya kuvaa tepu ya mapambo. Akasema bahati nguo zimekuwa kubwa, zitapunguzika. Zingekuwa ndogo, kitambaa cha kanisa la watu kingekuwa matambara. Magauni yaliyobaki nitakata mimi, kwa namba, bila uzi, na kama yatarudi kutoka Uchindile basi atampigia simu binti wa dada yake.

Usiku ule nililia, Baba, sikufichi. Asubuhi nikaenda duka la vitabu karibu na stendi nikaomba kitabu cha Hisabati cha darasa la tatu. Muuzaji akaniuliza mtoto ana umri gani ili anipe toleo linalomfaa. Nikamwambia miaka minane. Nassib alipokiona akasema mtoto mwenyewe amekua haraka, ameshaota na meno ya magego. Nikamwambia ndiyo, na amekuja kazini kabla yako. Toka siku hiyo ananiita Darasa la Tatu. Simkatazi. Jina hilo lina ukweli, na litakwisha siku nitakapovuka kwenda la nne.

Fundi Nadhira alinifundisha asubuhi, kabla hatujafungua. Haoni vistari vizuri, kwa hiyo ilinibidi nimweleze kila ninachokiona, na hapo hapakuwa na njia ya kujificha. Siku ya tatu aliniambia nichukue tepu yenyewe, nishike kwenye thelathini na nane, niikunje mara mbili kama ninavyokunja uzi, kisha nitazame mkunjo umeangukia wapi. Uliangukia tisa na nusu. Akaniambia hiyo ndiyo thelathini na nane gawa kwa nne, na kwamba nimekuwa nikigawa kwa nne kila siku ya Mungu tangu nije kwake. Akaniambia tena nishike inchi moja tu, niigawe hivyo hivyo. Vistari viwili. Hiyo, akasema, ndiyo ile pointi ishirini na tano ya Mwalimu Faustin. Robo. Ile ile robo niliyokuwa naikunja kwa vidole bila kuijua kwa jina.

Nisikudanganye kwamba tangu hapo mambo yamekuwa mepesi. Saba mara nane bado inanipotea nikiharakishwa. Siku mbili nilichanganya upande wa inchi na upande wa sentimita. Kuna asubuhi nilikitupa kitabu chini ya meza nikakaa nakitazama, kisha nikakiokota kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine wa kukiokota. Lakini magauni yaliyobaki niliyakata yote kwa namba. Kila namba niliisoma kwa sauti, nikaigawa kwenye karatasi, kisha nikakunja tepu kuhakikisha. Fundi Nadhira alikaa kwenye kiti chake, hakugusa chochote. Nyuzi zangu zote alikuwa amezitia kwenye kopo la vifungo.

Tuliyapeleka stesheni wiki ya mwisho ya Kwaresima. Jumatatu ya Pasaka Mwalimu Faustin alipiga simu, na Fundi Nadhira akaweka sauti ya juu ili sote tusikie. Alisema wamependeza. Alisema gauni moja limekuwa refu upande mmoja, hilo ni kosa langu na nimelikubali. Jingine linabana mabegani, lakini mwenye gauni akasikika kwenye simu nyuma ya Mwalimu akisema kwamba yeye ameongezeka tangu apimwe, fundi asisingiziwe. Fundi Nadhira akakata simu. Alichukua mkasi wake mkubwa kwenye mfuko, akauweka upande wangu wa meza, akaenda kuchemsha chai. Bado uko hapo.

Sasa nafika kwenye lililonifanya nichukue kalamu.

Jumatano iliyopita Mama aliniambia kwamba kuna mtu anajenga nyumba ya kulala wageni hapo Malinyi, na amekuletea michoro ya milango na madirisha yote. Nikashangilia. Kisha Mama akasema utairudisha Jumamosi ijayo, kwa sababu karatasi haisomeki vizuri na huyo mtu mwenyewe ana dharau.

Baba, maneno hayo nayajua. Nilikuwa kidato cha pili, likizo ya mwezi wa sita, alipokuja yule mkandarasi na michoro ya nyumba za walimu. Uliitandaza kwenye benchi, ukaniita, ukaniambia macho yangu ni mapya, nikusomee zile namba. Niliinama nikaziona. Zilikuwa nyingi, zenye sifuri nyingi, na niliogopa kwamba nikizisoma utaniuliza maana yake. Nikakuambia karatasi haisomeki. Ukanitazama, ukasema hata wewe umeona hivyo. Tukaikunja pamoja. Jioni ulimwambia Mama kwamba mkandarasi hajui hata kusalimia, na kazi ikachukuliwa na mafundi wa mbali.

Karatasi ile ilikuwa inasomeka, Baba. Nadhani sote wawili tulijua.

Nisamehe kama nimevuka mpaka wa mtoto. Sikuandika haya ili kukushusha. Utoto wangu wote nilikushikia fito wakati unapima fremu, nikakuona unaitia alama kwa kisu, na mlango ukaingia mahali pake bila kubishana na ukuta. Tepu ya chuma ilikuwa kwenye mkanda wako, na sikumbuki ukiivuta. Uzi wangu niliutoa kwenye fito yako. Ujuzi nimeutoa kwako, na kujificha pia. Nimechoka na kujificha, na sitaki nikuache huko peke yako.

Basi naomba usiirudishe michoro. Mwambie mwenye michoro akupe hadi Jumatatu ya wiki inayofuata, kazi haikimbii kwa siku mbili. Ijumaa nitapanda gari la Haruni, Fundi Nadhira ameshaniruhusu, na nitakuja na kitabu changu cha darasa la tatu. Sijui kila kitu. Milimita sijazizoea, lakini ni zile zile sentimita zimekatwa kumi kumi, na hilo nimejifunza. Tutakaa karakana mlango ukiwa umefungwa, tutasoma namba moja moja, na tukikwama tutakunja tepu. Fito yako iwepo pia, ituhakikishie.

Ndani ya bahasha hii kuna tepu yangu ya kwanza, ile ya mapambo. Nataka kukushonea shati la kwenda kutia saini kazi hiyo. Jizungushie kifuani, chini ya kwapa, usiivute sana, utazame pale ncha inapokutana na namba. Inchi kwanza, kisha vistari vidogo. Uandike kwenye kipande cha karatasi kwa mkono wako, umpe Haruni akirudi Jumanne, kitambaa kipo tayari mezani. Mama asikupimie. Na usinitumie uzi, Baba, sitaupokea. Ukikosea nitakuja kupunguza.

Msalimie Mama, umwambie viungo alivyoomba nitakuja navyo. Wasalimie majirani wote wa upande wa mtoni, na mbao zako ziendelee kukauka salama.

Mwanao anayekupenda na kukuheshimu,

Agnetha
(Darasa la Tatu)