Barua Iliyotoka Bila Ruhusa

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Komisaria ya Polisi, Rumonge
Tarehe: Jumatatu, 15 Aprili 2024, saa 3:05 asubuhi
Jina: Kezia Barakamfitiye
Umri: miaka 43
Kazi: mwalimu wa shule ya sekondari
Makazi: mtaa wa Birimba, Rumonge
Lugha: Kiswahili, kwa ombi la shahidi

Naitwa kama ilivyoandikwa hapo juu. Nilizaliwa Tanzania katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, na nilirudi Burundi na wazazi wangu mwaka 2009. Sijawahi kushtakiwa. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, baada ya kusikia kwamba fundi Darius Mulonda amewekwa ndani tangu Jumamosi.

Tangu mwaka 2017 ninaendesha blogu inayoitwa Tulirudi. Naweka humo barua za watu wa pwani yetu ya ziwa: waliorudi kutoka Tanzania, na Wakongo waliokuja kuishi huku. Wengine wanaandika wenyewe. Wengine wananisimulia mimi ninaandika, kisha nawasomea, na wakikubali ndipo naitoa.

Mnamo tarehe 19 Novemba 2022 nilikwenda Gitaza, kijiji cha wavuvi kando ya ziwa, kwenye msiba. Baada ya maziko nilikaa na mama mmoja anayeanika ndagala, yaani dagaa, Chanceline Nabintu. Alinieleza jinsi alivyoondoka Baraka, upande wa Kongo, na watoto wake wawili, akimwacha mume wake, Lukeba. Mume huyo alikuwa akimpiga. Nilipomaliza kuandika aliniambia, "Mwalimu, andika, lakini usiitoe. Ule mwanaume iko na watu kila pahali." Nilimwahidi. Tulikatizwa na mvua kabla sijamsomea.

Nyumbani niliichapa barua ile na kuihifadhi kama rasimu, yaani imo kwenye blogu lakini msomaji haioni. Juu yake niliandika jina lake kamili, na kwenye sehemu ya mahali niliandika Gitaza. Niliandika hivyo kwa ajili ya kumbukumbu yangu. Hakuna aliyenilazimisha.

Kufikia Januari mwaka huu blogu ilikuwa imekua kuliko nilivyotegemea. Ilikuwa kwenye nafasi ya bure mtandaoni na nafasi ile ilikuwa imejaa. Picha mpya zilikataa kupanda. Kwenye simu ndogo maandishi yalitoka nje ya kioo. Wenye nafasi ile ya bure walikuwa wanaingiza matangazo yao ya kamari katikati ya barua. Msomaji mmoja wa Kigoma, Bwana Zakaria, aliniandikia kwamba mama yake mzee aliomba asomewe barua ya mtu aliyezika watoto kambini, na katikati ya barua ikatokea picha ya mchezaji mpira anayecheka. Niliona aibu. Niliamua kuhamia nafasi ya kulipia, blogu ipate anwani yake yenyewe na sura mpya.

Jumamosi tarehe 9 Machi nilimwendea Darius. Ana kibanda karibu na soko, anachapa barua za watu na kutengeneza kompyuta. Alinitengenezea kompyuta ya shule mwaka jana na sikuwa na lawama naye. Sura mpya tuliipanga pamoja kwa wiki mbili. Nilitaka iwe nyeupe, herufi kubwa, bila matangazo. Nilitaka pia kisanduku cha kutafutia majina, na ukurasa wa mahali, ili mtu akibonyeza Kabonga aone barua zote za Kabonga, akibonyeza Bugarama aone za Bugarama. Darius alisema kwamba ukurasa huo utachukua muda. Nilisisitiza. Wazo hilo lilikuwa langu na nililipenda sana.

Jumapili tarehe 24 Machi, saa tisa alasiri, tulikuwa kibandani kwake kwa ajili ya kuhamisha. Tulikuwa wawili tu. Alikuwa kwenye kompyuta. Mimi nilikaa nyuma yake na simu yangu, nikichagua rangi ya buluu ya kichwa cha blogu. Zilikuwa tatu na nilishindwa kuamua.

Darius aliniambia, "Madame, iko barua mia mbili na kumi na mbili. Nizipeleke zote?"

Nilijibu, "Zote."

Baada ya kitambo aliuliza tena, "Na hizi zenye hazijatoka? Nazo nizifungue?"

Nilimsikia. Naomba hili liandikwe kama ninavyolisema. Nilimsikia, na nilisema, "Zote, Darius, zote," bila kuinua macho. Rasimu zilikuwa tisa. Nilikuwa nazijua zote tisa.

Darius alibonyeza. Saa kumi na nusu kazi ilikuwa imekwisha na tulinywa Fanta.

Kwa karibu wiki tatu nilikuwa na furaha. Wasomaji waliongezeka karibu mara mbili. Bwana Zakaria aliandika kwamba mama yake sasa anasomewa barua moja kila baada ya chakula cha mchana. Nilipita mara nyingi kutazama ukurasa wa mbele. Ukurasa wa Gitaza sikuufungua.

Ijumaa tarehe 12 Aprili, saa 4:20 asubuhi, wakati wa mapumziko ya shule, nilipigiwa simu na Agata Ndayikunda. Ana duka la unga Gitaza na ni jirani wa Chanceline. Alisema, "Amahoro, Mwalimu. Ninasoma barua ya Chanceline hapa. Alikubali itoke?"

Nilikata simu. Nilifungua blogu na kuiona. Jina lake lilikuwa juu, na Gitaza chini ya jina. Ilikuwa wazi kwa siku kumi na tisa. Niliifunga mara moja, pamoja na zile nyingine nane, saa ilikuwa 4:31. Kisha nilimpigia Chanceline. Simu yake ilikuwa imezimwa. Nilimpigia Agata, nikamwambia aende amtafute kwenye vichanja vya ndagala na amfiche ndani ya duka. Aliniuliza, "Nimfiche asionwe na nani?" Nilisema, "Mume wake." Alikata simu na kukimbia.

Nilimwachia darasa mwalimu mwenzangu, nikapanda taksi pale kwenye kituo. Maji ya ziwa yalikuwa yamepanda barabarani sehemu mbili na tulisimama kusubiri malori yapite. Nilimpigia Agata mara sita njiani. Hakupokea. Nilifika Gitaza saa 6:40 mchana.

Yafuatayo sikuyaona. Nimeelezwa na Agata, na Bwana Nestori, mwenye mitumbwi, na najua wote wawili wamekwisha kuja hapa kusema. Lukeba alishuka kwenye gari la kutoka Bujumbura kama saa nne na nusu. Alipita kwa akina mama wanaoanika, akiuliza kwa upole kama kuna mtu wa Baraka, ana salamu za nyumbani. Mama mmoja alimwonyesha. Agata alipofika, alimkuta Lukeba ameshaokota kasia. Lukeba alimpiga Chanceline kichwani na kwenye mkono wa kulia. Agata alimwagia machoni unga aliokuwa nao kwenye sahani. Ndipo Nestori na wavuvi wake walipomshika na kumfunga mikono kwa kamba ya wavu. Walipoichukua simu yake, kabla ya kumkabidhi kwa polisi, walikuta blogu yangu imefunguliwa. Walikuta ile sura mpya.

Mimi nilichokiona ni damu kwenye mchanga na ndagala zilizomwagika, na watoto wawili wa Chanceline wamekaa ndani ya duka la Agata, wameshikana mikono. Mkubwa aliniuliza, "Ni wewe mwalimu wa barua?" Nilisema ndiyo.

Jumamosi tarehe 13 nilisikia kwamba Darius amekamatwa. Kaka wa Chanceline aliwaambia polisi kuwa Darius naye ni mtu wa Baraka, na kwa hiyo aliuza habari kwa Lukeba. Mimi sijui Darius anajuana na nani huko Baraka. Najua kwamba hakuisoma barua ile mbele yangu, kwamba jina na mahali niliyaandika mimi zaidi ya mwaka mmoja kabla hajaigusa blogu, na kwamba aliniuliza kabla ya kuzifungua nami nikamjibu. Fundi anayeuliza mara mbili hana alichoficha. Sijaombwa na familia yake kusema haya.

Jana, Jumapili tarehe 14, saa nane mchana, nilikwenda hospitali hapa Rumonge. Chanceline alikuwa ameamka. Mkono una plasta hadi begani na kichwa kimeshonwa. Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa, pamoja na habari ya rangi ya buluu. Niliomba msamaha.  Alitazama dirishani.

Kisha akasema, "Ile barua, wote waliisoma. Yeye aliisoma. Mimi peke yangu sijaisikia. Nisomee."

Nilimsomea kutoka kwenye simu. Nilipofika mahali nilipoandika kwamba alikimbia hadi kwenye mtumbwi, alinyoosha mkono wake mzima akanigusa.

"Hapo haiko vile. Sikukimbia. Nilitembea pole pole, na ndoo ku kichwa, sawa mwenye anaenda kuchota maji. Kama ningekimbia, watu wangejua."

Nilifuta neno hilo na kuandika alivyosema. Alinisahihisha sehemu nyingine tatu. Tulipofika mwisho akasema, "Futa jina la Gitaza. Futa na jina la baba yangu, ile ya pili. Yenye inabaki, irudishe, watu wasome." Nilimuuliza kama ana hakika. Alisema, "Yeye iko ndani. Na maneno ni yangu."

Nimeirudisha jana saa kumi na moja jioni. Ukurasa wa mahali nimeuondoa kwenye blogu nzima. Barua nyingine nane nimezifuta kabisa, na leo mchana naanza kwenda kwa wenyewe, mmoja mmoja, kuwaambia zilikuwa wazi.

Ofisa ameniuliza Chanceline atahamia wapi na watoto akitoka hospitali. Nimejibu kwamba ninajua lakini sitapataja kwenye karatasi. Ameniuliza mara ya pili nami nimejibu vilevile. Naomba pasiandikwe humu.

Nimesema niliyoyajua na niliyoyafanya, na nimesomewa yote kwa Kiswahili. Ndivyo yalivyokuwa.

(Sahihi) K. Barakamfitiye

Maelezo ya ofisa: Yamechukuliwa nami, ofisa wa upelelezi (OPJ) Leonsi Bizabishaka, yakamalizika saa 5:50 asubuhi. Shahidi alizungumza bila kulazimishwa. Nakala imepelekwa kwa mwendesha mashtaka pamoja na ombi la kumwachilia Darius Mulonda. Mahali atakapokaa Chanceline, alipopataja shahidi kwa mdomo, baada ya kuweka sahihi, ili doria ipite huko, sikupaandika.