Tuta la Awowe

Keinan, wasomee mama yako na dada yako Ardo barua hii. Lori la Ijara limekuja mapema, wagonjwa wananingoja. Mchicha mwagilieni jua likishuka. Nyanya zilizoiva zichumeni kabla ndege hawajaziwahi.

Tuta la karibu na mlango msiliguse. Ni la Awowe. Ndiyo, babu yenu huyu huyu, aliyekuwa akiniona na majani ya mboga mkononi ananiuliza mbele ya wageni, "Wallahi, nilizaa mwana au mbuzi?" Tangu ukame umalize ngamia wake, hata mzaha huo ameuacha. Leo baada ya sala ya alfajiri alinikuta nalima, akasema, "Nipe jembe." Nikampa. Amepanda vitunguu, vingine mizizi juu. ~~Keinan, vigeuze akilala.~~ Hapana, nimefuta. Akijua ataona haya. Viacheni, vitajipinda vyenyewe vitoke.

Alipokuwa akinawa mikono aliniuliza, "Vitaota lini?" Machozi yakanilenga, nikajifanya nafunga mzigo.

Akiwaita mkatazame, nendeni, hata kama hapajaota kitu.

Baba