Mwili Ulioniachia, Mama

Mama yangu uliyelala kihambani, kwenye migomba yetu kule Mkuu,

Mgongo ndio ulionipeleka kwenye yale mazoezi. Daktari alisema nisipojinyoosha nitakuja kutembelea fimbo, basi nikaanza kwenda kila Jumamosi kwenye ukumbi wa parokia hapa Moshi mjini. Tunalala kwenye mikeka, tunafumba macho, tunasogeza viungo polepole tukisikiliza pumzi. Mwalimu wetu, Dada Neema, hapendi haraka. Mimi nilivaa sweta kubwa na joto lote lile, nikajibanza nyuma karibu na mlango.

Siku moja akasema, "Wekeni mkono tumboni. Msilivute ndani. Liacheni lipumue."

Mkono wangu ulikataa. Tangu nimzae Anjela sijaligusa tumbo langu ila kwa sabuni, tena haraka haraka. Dada Neema akainama, akaninong'oneza, "Ukishindwa leo, weka kifuani. Hakuna anayekukimbiza." Nikaona aibu juu ya aibu: ya tumbo lenyewe, na ya kujulikana kwamba nalionea aibu.

Mwishowe nikaligusa. Na Mama, nilikukuta wewe. Mkunjo ule ule chini ya kitovu, laini, wenye joto, niliokuwa nikiupangusa kwa kitambaa ulipokuwa huwezi tena kuinuka kitandani. Ulikuwa ukigeuzia uso ukutani. "Usiniangalie, mwanangu, nimeharibika." Nami nikakujibu, "Mama, wewe ni mzuri," na sikuwa nakudanganya. Niliuosha mwili ule kwa heshima zote. Halafu narudi kwangu, nasimama mbele ya kioo, naulaani huo huo.

Nililia pale pale chali, machozi yakiniingia masikioni. Wenzangu wakaendelea kupumua. 

Sitakwambia kwamba nimepona. Mgongo umelegea, ndiyo, lakini nikialikwa harusini bado natafuta kiti cha kona, na picha zikipigwa nasimama nyuma ya watu. Ila wiki iliyopita nilikuwa nabadili nguo, mjukuu wako Anjela akaingia bila kubisha hodi. Siku zote huwa namfukuza. Safari hii nilichelewa, naye akanyoosha kidole kwenye michirizi ya tumboni.

"Mama, hii ni nini?"

"Ulipokuwa unakua humu ndani, ngozi ilitanuka."

"Iliuma?"

"Hapana. Bibi yako alikuwa akiniletea mtori wa ndizi, nikanenepa, na wewe ukanenepa."

Akacheka, akaketi kitandani, akaanza kunisimulia habari za shule. Uso ulikuwa unaniwaka. Nikabaki nimesimama hivyo hivyo, nusu uchi, nikamsikiliza mpaka alipomaliza.

Pumzika, Mama. Mvua zikipungua nitapanda huko kupalilia kaburi lako.

Binti yako wa kwanza