Mlingoti Mrefu

Ruhuwiko, Alhamisi usiku

Bado nasikia maji masikioni. Leo mashua yangu imepinduka kule Mbamba Bay, karibu kabisa na ufukwe, na upepo wenyewe haukuwa mkali. Wavuvi wasingenivuta, Fausta angekuwa mjane saa hizi.

Kosa ni mlingoti. Ule wa kwanza ulikuwa mfupi, mashua ikatambaa kama konokono, watu wakacheka. Nikasimika mrefu, nikatundika tanga kubwa, halafu nikamwita padri aibariki kabla sijaijaribu. Haraka ya nini?

Sasa mama mkwe anataka kupanda Jumamosi pamoja na mwanetu. Jaketi la kuokolea amelikataa. Ya leo hajayasikia; anasema chombo kilichonyunyiziwa maji ya baraka hakizami.

Mimi na mkwe wangu hatubishani. Tangu nimeoa, neno langu zito humfikia kupitia kwa Fausta. Jioni nimemwomba mke wangu amwambie mama yake kwamba mashua si salama. Akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "Mwambie mwenyewe. Mimi sikuijenga."

Nimeshika tama tu. Nikinyamaza, nitawazamisha. Nikisema...

Kesho narudi ziwani na msumeno. Nitaukata huo mlingoti, nirudishe tanga dogo, nipange mawe chini ili mashua itulie. Kisha nitapiga magoti mbele ya mama, nimwambie kwa mdomo wangu asipande. Akiniuliza kama nimepungukiwa imani, nitamjibu ndiyo, mama, sina imani na mikono yangu.