Neno moja kwa script, na soko la Kamere

Kipruto, uko? Karibu watu wamuue Kamande, yule kijana mwigizaji wetu.

Unajua ile filamu nilimwandikia Wariara, yule msichana dairekta wa mtaa wa Free Area. Leo tulikuwa tunashuti Kamere, kwa soko la samaki. Kamande anacheza mwizi. Kwa script yangu anakimbia na simu, mama mmoja anapiga kelele, "Mwizi!"

Neno moja tu, Kipruto. Moja!

Wariara alikuwa ameficha kamera kwa pickup ndio watu wa soko wasiikodolee macho. Hakuna mtu aliambiwa. Mama akaita "Mwizi!" na soko lote likainuka. Mawe. Makasia. Jamaa mmoja alimtandika Kamande kasia ya taya, nikasikia mfupa ukilia.

Nikajirusha juu yake. "Ni filamu! Mimi ndiye nimeiandika!"

Jamaa akacheka. "Kumbe mzee ndio anawapangia wezi kazi? Leteni petroli tuwachome!"

Petroli, Kipruto! Ililetwa kweli. Koti yangu bado inanuka. Wariara akatoka mbio ameinua kamera juu, ndio wakaamini. Wakatawanyika kimya, kila mtu akarudi kwa samaki wake.

Kwa gari tukienda hospitali, unajua huyo msichana Wariara ameniambia nini? "Mzee, yote iko kwa kamera. Ongeza hiyo petroli kwa script."

Nikageukia dirisha. Ningempiga.

Sasa niko hospitali Naivasha. Kamande hawezi kuongea. Nimempigia mama yake, nikamwambia kijana amepigwa na watu sokoni.

Ameuliza kitu moja tu: "Aliiba nini?"