Temtesheni Iliyoning'inia Jikoni Mwako, Bibi

Bibi, mke wangu,

Shikamoo huko uliko. Tangu tukuzike Kiingereza changu kimekuwa kikali mno. Nikikohoa tu, meneja wa mkonge hapa Korogwe anavua kofia. Najua ungesema, "Nyamaza, muongo wewe," halafu ungenimegea muhogo.

Darasa la nne linanitosha. Lakini katika maneno yote niliyokuletea Handeni kila likizo, ulipenda moja tu: temtesheni. Nilikueleza kama mwalimu alivyotueleza, kwamba si kosa lenyewe, ni kile kinachokuita kabla hujakosa. Ukalichukua, ukalitumia kunishinda mimi msomi. Ugoro wako ukawa temtesheni. Mbuzi wa jirani akikodolea macho muhogo ulioanikwa, utasikia, "Msimpige, ana temtesheni huyo." Nilikuwa nacheka mpaka naketi chini.

Sasa sikia. Arobaini yako ni Ijumaa, na shangazi Zaina, mwanao mwenyewe, hataki kuja. Hata siku ya kukuosha walimwita, akabaki nje na kitambaa mkononi. "Mama amekufa akiniona mwizi," alisema. Hakuingia.

Ni yale mahindi ya mwaka wa njaa, Bibi. Mbegu ulizozitundika juu ya mafiga, zikawa nyeusi kwa moshi ili fukusi wasiziguse. Ulizielekezea fimbo, ukatuambia: "Tutakula mizizi, tutakula majani, ile ya juu hailiwi. Hiyo ndiyo temtesheni. Itazameni, muipite." Tukawa tunapita chini yake kila siku, tunameza mate.

Mvua ikaja. Ukayateremsha. Maganda yamefungwa vizuri kama ulivyoyafunga, ndani magunzi matupu.

Ukatutazama mmoja mmoja. Mimi, kwa huu mdomo wangu, nikasema, "Bibi, temtesheni imemshinda mpishi." Mpishi alikuwa shangazi. Watu wakacheka. Wewe hukucheka. Toka siku ile hukugusa tena chakula cha mkono wake, naye akahamia Masuguru. Na tukapanda mbegu za kuomba, zisizoijua ardhi yetu.

Kesho naenda Masuguru kumpigia shangazi magoti. Ijumaa nitasimama mbele ya ukoo wote niseme, bila neno hata moja la Kizungu. Hiyo ni ahadi. Nimeanza na wewe kwa sababu wewe huwezi tena kunichapa, na kwa sababu ningeomba sana uweze.

Pumzika, mke wangu.

Ni mimi niliyeyala. Ukienda shamba nilikuwa nayapukuchua, nakaanga kwenye gae nyuma ya nyumba, kisha nafunga maganda. Na siku ile ya kwanza nilipopanda kuyachukua, Bibi, sikuwa hata na njaa. Ulikuwa umetoka kunipa uji wako.